Asiachwe Peke Yake

Jumamosi ile foleni ya malori ilikuwa imelala kutoka lango la forodha la Malaba mpaka mbali kabisa nyuma, na madereva waliochoka kungoja walikuwa na njaa na hasira. Kwa mwuza chai, hiyo ni riziki. Apeduno alikuwa na sufuria mbili motoni, chapati moja mkononi na nyingine kwenye kikaangio, na dereva mmoja wa kutoka ng'ambo alikuwa akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Nyabo, chai yangu iko wapi?" kana kwamba amemwoa. Hapo ndipo alipomwona kijana amesimama karibu na karai la vyombo. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, amevaa sare ya shule siku isiyo ya shule.

"Wewe, kama ni chai, kaa. Kama si chai, usinizibie njia."

"Mama Velma, mimi naitwa Eriaku. Nasoma na Velma, Fomu Tatu."

Apeduno akamtazama toka juu mpaka chini. Suruali ilikuwa ya kurithi, imemzidi kiunoni, na kifuani alikuwa na beji ya kijani. Beji ile Apeduno aliijua. Velma naye alikuwa nayo. Ilikuwa ya Wasikilizaji, wanafunzi waliochaguliwa na Madam Roselyn, mwalimu wa ushauri nasaha, wakae na wenzao wenye mambo mazito: wawasikilize, wawaulize bila kuzungukazunguka, na lililo kubwa kuliko wao walipeleke kwa mtu mzima. Velma ndiye aliyesifiwa kuliko wote. Wasichana walimfuata mpaka nyumbani, wakaketi naye nyuma ya jiko wakilia, na Apeduno akawa anauliza kama nyumba yake imegeuka kanisa.

"Tunaweza kuongea kando, mama?"

"Kando wapi na chapati inaungua? Sema."

Eriaku akawaangalia madereva, akasogea, akashusha sauti. "Jana Velma amenipatia vitu vyake vya hesabu. Kila kitu, mpaka kikokotoo. Amesema hatavihitaji tena. Nikamuuliza vile tulifundishwa, nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kuji..."

Mkono wa Apeduno uliacha chapati ukaenda kumziba mdomo, unga na mafuta yake yote.

"Nyamaza! Hilo neno usilitaje hapa. Usilitaje kwangu kabisa. Umesikia?"

Kijana akaitikia kwa kichwa chini ya kiganja. Chapati ikaungua.

Tusimhukumu mama wa watu. Neno lile alilijua kuliko kijana. Kwao, alipokuwa msichana, dada yake aliyeitwa Asio alikufa kifo hicho, na hakuliliwa. Alizikwa nje ya ua kabla jua halijachomoza, kondoo akachinjwa, na jina lake likapigwa marufuku. Mama yao aliuma leso ili sauti isitoke. Baadaye, wakwe walipokuja kwa mazungumzo ya ndoa na kuuliza habari za nyumba ile, wajomba walijibu kwamba Asio aliondoka na malaria. Apeduno akaolewa na uongo huo, akazaa nao, na kila Velma alipokaa kimya kwa muda mrefu akitazama ukuta, Apeduno alikumbuka vile Asio alivyokuwa akikaa. Kisha alimtuma dukani haraka haraka, ili asimwone amekaa hivyo.

"Ni mimba," Apeduno alisema.

"Mama?"

"Msichana wa umri huo akianza kuongea mambo kama hayo, ni mimba. Nimeona wengi. Ni yako?"

Eriaku akaitazama simu mkononi mwake. Tangu jana alikuwa akimpigia simu Madam Roselyn, na Madam Roselyn alikuwa mazishini kwao Funyula, simu imezimwa. Mlinzi wa shule alimwambia arudi Jumatatu. Na huyu hapa ndiye mama mzazi, na mama mzazi hataki hata kusikia.

"Mama," akauliza taratibu, "na kama ni mimba, mtamfanya nini?"

"Tutamfanya nini? Kwetu msichana akishukiwa, anawekwa kwa nyanya yake mpaka wazee wakae. Anachungwa asitoroke. Halali peke yake, hapiki peke yake, hata chooni anasindikizwa."

"Hata chooni?"

"Hata chooni. Mtu anamngoja nje."

Kijana akajifuta unga midomoni.

"Basi ni yangu."

Apeduno alijua. Lisemwe mapema hili, maana baadaye alijilaumu sana. Alijua kwamba kijana anadanganya, kama vile mwuza chai anavyojua maziwa yameanza kuharibika na bado akayamimina, kwa sababu wateja wapo na maziwa mengine hakuna. Mimba ilikuwa na njia yake. Ilikuwa na wazee, na faini, na kelele, kisha mtoto wa kubembeleza. Lile jingine halikuwa na mtu wa kukaa nalo.

"Nenda nyumbani kamwambie mama yako," akasema. "Kesho mchana mje. Na Mungu akusaidie, kwa sababu bwana yangu hana utani."

* * *

Otukei, mumewe, alikuwa fundi wa magurudumu ya malori, mtu wa mikono mizito na maneno machache. Alipopewa habari alitupa kofia chini, akaiokota, akaitupa tena. Kisha akakaa kwenye kiti na kusema jambo ambalo Apeduno hakulitarajia.

"Nilijua kuna kitu. Mtoto ameacha kula. Mtoto haongei. Nilifikiri ni ugonjwa mbaya. Kumbe ni hii tu."

"Ni hii tu," Apeduno akaitikia.

Velma aliitwa. Alikuja akiburuta ndala, akasimama mlangoni akiwa amevaa sweta jua likiwaka. Uso wake ulikuwa umepungua, na Apeduno aliuona upungufu ule siku hiyo kana kwamba umeletwa na mgeni.

"Una mimba?" baba akauliza.

"Sina, papa."

"Wote husema hivyo. Kijana mwenyewe amekubali."

"Kijana gani?"

"Eriaku."

Kitu kikapita usoni mwa Velma. Midomo ilicheza kidogo, karibu acheke, kisha macho yakajaa maji. Alimtazama mama yake, si baba, na alimtazama kwa muda. Apeduno akainama akaanza kuokota punje za mahindi sakafuni ambazo zingeweza kungoja.

"Eriaku amesema hivyo?"

"Amesema."

"Sawa," Velma akasema. "Kama amesema, sawa."

Akahamishiwa nyumba ya nyanya yake, Apolot, mama mzazi wa Otukei, ambaye wote walimwita tata. Mama yule mzee aliipokea kazi ya kuchunga kama askari aliyerudishwa kazini baada ya kustaafu. Aliweka godoro la msichana ubavuni mwa kitanda chake. Alihesabu visu vyake akaviweka juu ya kabati, kwa kuwa hakutaka mjukuu ajitie jikoni kumharibia sufuria. Msichana alipokwenda chooni, tata alisimama nje na fimbo yake akiimba nyimbo za kanisa, na kila baada ya ubeti mmoja akaita, "Velma, uko?" Kutoka ndani sauti ikajibu, "Niko, tata." Majirani walicheka sana. Apeduno alisikia kule kwake, "Uko?" na "Niko," na kila aliposikia "Niko" akashika ukuta.

Asubuhi alimpelekea uji. Walikaa wawili, tata akiwa ameenda kulisha kuku hatua chache tu kutoka mlangoni.

"Kuna mtu amekuudhi?" mama akauliza.

"Hakuna."

"Ni shule? Ni mwalimu?"

"Hapana, mama. Nimechoka tu."

"Umechoka na nini? Hulimi, huchoti maji mbali, bomba liko hapo."

Velma akakoroga uji. Apeduno aliyasikia maneno yake mwenyewe yakining'inia chumbani, akataka kuyachukua tena, hakujua mtu anachukuaje. Akasema ukinywa uji utapata nguvu. Akatoka.

* * *

Baada ya misa wageni wakaja. Walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa: Eriaku, mjomba wake ambaye hakuacha kutazama saa, na mama yake, Alupo, mjane mwuza omena wa soko la Malaba. Alikuwa ameleta mkate na sukari ndani ya mfuko wa karatasi. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimekatika mkanda, na alitembea akikikokota ili kisimtoke mbele ya watu.

Upande wa wenyeji aliketi Okurut, kaka mkubwa wa Otukei na msemaji wa ukoo, pamoja na wazee wengine. Chungu cha ajono, pombe ya wimbi, kilikuwa kimewekwa katikati, maji moto yamemiminwa, mirija mirefu imeelekezwa kila upande. Wanaume walivuta pombe kwanza. Shauri kwao haliendi mbele koo likiwa kavu.

"Kijana," Okurut akaanza, "umekubali kwamba msichana wetu ni mjamzito na wewe ndiye mwenyewe."

"Ndiyo, mzee."

"Mlikutana wapi?"

"Maabara."

"Maabara? Shuleni, mchana?"

"Ilikuwa... jioni. Tulikuwa tunafagia."

"Mlikuwa mnafagia." Mzee mmoja akakohoa pombe puani. "Na ni lini?"

Eriaku akafikiri. "Wiki jana."

"Wiki jana! Na mimba imejulikana wiki hii? Huyu mtoto ni wa haraka kuliko lori la samaki!"

Watu wakacheka. Kijana akasahihisha kwamba ilikuwa mwezi jana, kisha mbele kidogo akasema ni muhula uliopita, na kila alichokishika kilimteleza. Alikuwa mwongo mbaya kuliko waongo wote waliowahi kukaa mbele ya chungu kile. Lakini kila alipoulizwa kama ni yake, alijibu ni yangu, na jasho likamchuruzika nyuma ya masikio yale makubwa.

Mama yake alishindwa kuvumilia. Alipiga magoti penye vumbi, mbele ya Otukei, mikono mbele.

"Baba Velma, sina mume, sina ng'ombe. Niko na huyu tu. Nimemsomesha na omena. Msimfukuzishe shule, nawaomba. Nitafanya kazi kwenu, nitalima, nitapalilia, mnitume mnavyotaka." Akamgeukia mwanawe. "Umenimaliza, Eriaku. Umenimaliza kabisa."

Kijana alimtazama mama yake akiwa magotini, na uso wake ukakunjamana kama wa mtoto mdogo. Ilikuwa ni kufumbua mdomo tu. Hakuufumbua.

Apeduno alikuwa amesimama nyuma na sinia la vikombe. Aliona yote. Aliona kiatu kilichokatika kimebaki peke yake nyuma ya mwanamke aliyepiga magoti, na akaona aibu ikimpanda miguuni mpaka shingoni. Kwani yule mwanamke amekosa nini? Ilitakiwa aseme. Akasogeza vikombe kwenye sinia, kimoja hapa, kimoja pale.

Ndipo tata Apolot akatokea mlangoni mwa nyumba yake na fimbo.

"Nyinyi wanaume mnakunywa pombe ya bure," akasema. "Huyu mtoto hana mimba. Ameingia mwezini leo asubuhi. Nimempa vitambaa kwa mikono yangu."

Wazee wakatazama ndani ya chungu kana kwamba wameangusha kitu humo. Kisha Otukei akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia, akipiga mapaja, na wengine wakamfuata.

"Kijana, ulikuwa unatafuta nini?" Okurut akauliza, akijifuta machozi ya kucheka. "Wenzako wanakimbia mimba zao, wewe unakuja kudai ambayo haipo?"

Alupo aliinuka polepole. Alijipangusa vumbi magotini, upande mmoja, upande wa pili, kisha akamzaba mwanawe kofi ambalo lilisikika mpaka barabarani.

"Umenipigisha magoti bure!"

"Basi shauri limekwisha," Okurut akasema. "Mama, chukua mwanao, mchape huko kwenu, na kesho mwalimu mkuu aelezwe ili na yeye amchape. Velma! Beba godoro lako, mwanangu, rudi kwenu. Hakuna wa kukuchunga tena."

"Hapana!"

Eriaku alikuwa amesimama katikati ya wazee, shavu limevimba. "Tafadhali, mzee. Mnichape. Mmwambie mwalimu mkuu, sawa. Lakini asiachwe peke yake. Naomba tu asiachwe peke yake."

"Kwa nini?"

Kijana aligeuka akamtazama Apeduno. Hakumtazama kwa kumshitaki. Alikuwa amekwama, basi, na alikuwa akitafuta mtu mzima.

Ilikuwa rahisi. Ilitosha Apeduno kusema huyu mtoto ana wazimu, na hakuna ambaye angeuliza zaidi. Wageni wangeondoka, chungu kingekwisha, kesho yeye angekwenda kwenye foleni yake na Otukei kwenye magurudumu yake, na Velma angebaki nyumbani na mlango umerudishwa. Alifika hapo katika mawazo yake, penye mlango uliorudishwa, hakuweza kuendelea. Akaweka sinia chini.

"Mimi najua kwa nini," akasema. "Aliniambia jana, nikamziba mdomo. Hiyo mimba ni mimi niliitaja, si yeye. Velma anataka kujiua."

Okurut aliachia mrija. "Mama Velma, chunga mdomo wako. Uko katika boma la watu."

"Nimeuchunga tangu nikiwa msichana. Dada yangu Asio hakufa kwa malaria. Alijiua. Hatukumlilia hata siku moja, na jina lake hatukulitaja, na mlipouliza tukawadanganya. Sasa mtoto wangu naye anatazama ukuta kama Asio, na mimi namtuma dukani." Sauti ilimkatika. "Namtuma chumvi! Kila siku chumvi! Nyumbani kumejaa chumvi!"

Akaanza kulia. Hakulia kwa adabu. Alilia kama watu wanavyolia msibani, mikono kichwani, akiita Asio, Asio, Asio wa mama, na kila alipoliita jina lile wazee walirudi nyuma hatua moja. Mmoja alitupa mrija wake chini. Mwingine alitafuta viatu. Okurut alisimama wima akatangaza kwamba pombe ile hainyweki tena, kwamba kondoo lazima aletwe, kwamba ukoo wa mwanamke uitwe ueleze kwa nini walificha jambo kama hilo wakati wa mahari. Otukei alikuwa amekaa vilevile, mikono juu ya mapaja, kicheko bado kimemganda usoni bila kujua pa kwenda.

"Kondoo utaleta wewe?" tata Apolot akamuuliza Okurut. "Na waeleze nini? Mimi habari ya Asio niliisikia mara tu hawa walipooana. Malaba hii nani hajui ya mwenzake?"

Apeduno akanyamaza ghafla, machozi yakimtiririka. "Ulijua, tata?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Ningesema ili iweje? Ulikuwa umeshakuja, na ulikuwa unapika vizuri." Mama mzee akatua, akaangalia ncha ya fimbo yake. "Lakini ningekuambia wewe. Hapo nilikosea. Ningekuambia kwamba najua, upumzike."

Okurut aliondoka na wazee wenzake. Hawakuaga. Mjomba wa Eriaku aliwafuata, saa yake imempa ruhusa. Uani kilibaki chungu, na mirija imeegemea huku na huku, na watu wachache ambao hawakuwa na mahali pengine pa kuwa.

* * *

Simu ya Eriaku ililia jua likiwa limeanza kulegea. Alikuwa Madam Roselyn, ametoka mazishini na kukuta amepigiwa mara zisizo na idadi. Kijana alieleza kwa haraka, Kiswahili na Kiingereza vikigombana kinywani, kisha akampa Otukei simu. Otukei aliishika kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mwalimu. Yuko hapa. Ndiyo, yuko na nyanya yake." Akasikiliza. "Dawa ya kunyunyizia mahindi iko ghalani. Ndiyo, naitoa leo, naipeleka kwa jirani." Akasikiliza tena, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza bei asiyoiweza, "Mwalimu, hii ni kesi? Kuna polisi?" Jibu lilikuwa refu. Mabega yake yakashuka kidogo kidogo. "Hospitali. Kesho asubuhi. Kuna mtu wa hiyo kazi. Sawa. Tutakuja sote."

Alirudisha simu. Akamkamata kijana bega kwa mkono wake mzito akaliachia. Kisha akaenda ghalani.

Alupo alikuwa amekaa juu ya jiwe karibu na jiko, kiatu chake kibovu mkononi. Mwanawe alikuja akasimama mbele yake.

"Pole, mama."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungekubali kuja kupiga magoti?"

"Nisingekuja kabisa."

"Ndiyo sababu."

Mama yake alimtazama shavu alilolivimbisha. Hasira haikuwa imemtoka, ilionekana, na haikuwa na haraka ya kutoka. "Watu wa soko watanicheka mwezi mzima," akasema. "Wewe utauza omena Jumamosi zote mpaka ufunge shule. Na hao watoto wenye matatizo, usiwe unabeba peke yako tena, ama nitakuvua hiyo beji." Akavua na kile kiatu kizima, akaviweka vyote kando ya mlango wa Apolot. "Huyu mama mzee hajafumba jicho tangu jana. Leo msichana nitamchunga mimi. Nani anaweza kuniazima shuka?"

Hakuna aliyemwomba. Apeduno alimletea shuka, ile nzuri ya wageni, na alipomkabidhi alijaribu kupiga magoti. Alupo akamshika kiwiko.

"Wacha hiyo. Leo tumepiga ya kutosha. Nenda kwa mtoto."

Velma alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba ya nyanya yake, mgongo ukutani. Alikuwa amesikia kila kitu. Apeduno aliingia akasimama, kisha akakaa chini, jambo ambalo mwili wake haukulizoea saa kama ile. Hakujua mikono aiweke wapi. Akakumbuka kwamba kijana alisema wamefundishwa kuuliza waziwazi.

"Velma, unataka kujiua?"

Msichana alishtuka kusikia neno lile katika sauti ya mama yake. Nje tata alikuwa akifukuza kuku waingie bandani.

"Ijumaa nilitaka," akasema. "Jana pia. Leo sijui. Mimi hata sitaki kufa, mama. Nataka tu haya mambo yaishe. Kila mtu ananiletea mambo yake. Brendah anapigwa na babake wa kambo, ananiambia. Wadogo wa Fomu Moja wananiambia. Nikimwambia Madam, naona kama nimeshindwa kazi. Nalala nayo kichwani. Naamka nayo."

"Na mimi sikuona."

"Uliona."

Apeduno akainamisha kichwa. "Niliona."

"Na wewe pia unaniletea, mama." Velma alilisema bila ukali, akitazama vidole vyake vya miguu. "Kila jioni. Papa hajaleta kitu, dereva amekutukana, askari wamekufukuza barabarani, mgongo unauma. Unasema hakuna mwingine wa kumwambia. Wengine wanakuja mara moja kwa wiki. Wewe ndiye uliyeleta mengi zaidi."

Maneno ya kujitetea yalikuwepo, tena mengi, na yote yalikuwa ya kweli: kwamba ni kweli hakuwa na mwingine, kwamba ni maisha, kwamba mama naye ni mtu. Yalimfika kooni. Kwa mara ya kwanza tangu amzae, Apeduno aliyameza. Akasogea mpaka bega lake likagusa bega la binti yake, akategemeza mgongo kwenye ukuta uleule.

"Sema," akamwambia. "Mimi leo sina la kukuambia."

Velma akaanza. Hakuanza mwanzo, alianza pale ilipomjia, akaenda mbele, akarudi nyuma, akanyamaza, akaendelea. Chai ya jioni haikupikwa siku hiyo. Mama yake hakumkatiza, hata msichana alipofika kwenye habari za mama mwenyewe.